Picha yako ina mdomo, chunga anayeibeba!

Picha ya zamani ilikuwa na adabu zake. Ulikwenda studio, ukakaa wima kama umemeza fimbo, ukapigwa, ukaambiwa urudi wiki ijayo. Ukishaipata kadi yako unaigeuza nyuma na kuandika kwa kalamu: "Mimi na shemeji, Idi Mosi, Nachingwea." Basi. Ambacho hukuandika nyuma, picha haikukisema. Mbea aliyetaka kujua zaidi ilibidi afunge safari aje kukuuliza mwenyewe.

Picha ya siku hizi haina subira hiyo. Inajiandika mgongoni yenyewe, tena bila kukuomba kalamu: siku, saa, dakika, aina ya kamera, na mara nyingine hata mahali uliposimama. Halafu inapotoka kwenye kompyuta kwenda mtandaoni, haiendi kwa miguu yake. Inabebwa. Wiki hii tunamleta barazani huyo anayeibeba, tumwangalie vizuri. Maana wengi wetu tunamkabidhi mzigo kila siku, na hatujawahi kumuuliza amebeba nini, wala amedondosha nini njiani.

Usiseme hayo ni mambo ya Ulaya. Pita Nachingwea mjini, pita Ruangwa, utamkuta kijana mwenye kamera ya dijitali na kompyuta yake ya mezani au ya mpakato. Jumamosi yuko kwenye harusi. Jumapili yuko uwanjani Ruangwa, Namungo wanacheza nyumbani. Katikati ya wiki ni mahafali, picha za pasipoti na mnada wa korosho. Jioni mama mwenye harusi anampitia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Zile picha usisahau kumtumia na kaka yako, yuko Muscat."

"Zinakwenda usiku huu huu mama, wala usiwe na wasiwasi."

Zinakwenda kweli. Ila zinakwendaje?

Tarishi wa ofisini

Kijana wetu hapangi picha kwa mkono. Anazo picha elfu na ushei kwenye kompyuta, kwa hiyo anatumia programu maalum ya kuzitunza. Wenye mshiko wanatumia Lightroom ya kampuni ya Adobe, iliyoingia sokoni mwaka 2007. Wasiotaka kununua wanayo digiKam, ambayo ni ya bure na ya halali kabisa. Wengi watakumbuka Picasa, iliyopendwa sana kwenye kompyuta za mitaani. Google waliinunua mwaka 2004, na mwaka 2016 wakaifunga.

Sasa programu kubwa kama hiyo haiwezi kuijua kila mitandao ya picha duniani. Leo kuna Flickr, kesho umeota mwingine. Aliyeitengeneza angetaka kuandika njia ya kwenda kila mahali, asingelala. Akafanya ujanja. Akaacha tundu ukutani, kama tundu la umeme, akatangaza kanuni: yeyote atakayeandika programu ndogo inayofuata kanuni hizi, aichomeke hapa itafanya kazi. Programu hiyo ndogo ndiyo inaitwa plagini.

Ukitaka kuielewa plagini, mfikirie tarishi wa ofisi ya serikali. Bosi hampi tarishi funguo za kabati zima la mafaili. Anampa bahasha, anamwambia peleka pale, saini hapa, niletee risiti. Ukitega sikio ndani ya kompyuta, mazungumzo yao yangekuwa hivi:

"Mwenye studio amechagua picha 40. Unazitaka za ukubwa gani?"

"Upana usizidi pikseli 2048, mzee, ziwe za JPEG."

"Sawa. Nimekutengenezea nakala, ziko kwenye folda ya muda. Zile za asili usiziguse."

"Na vichwa vya picha, maelezo, maneno ya kutafutia?"

"Hivi hapa. Nenda, kila picha uniletee risiti yake."

Tarishi anakwenda. Mtandao unapokea kila picha na kumpa namba yake na anwani ilipowekwa. Hizo ndizo risiti. Anarudi nazo, bosi anaziandika kwenye daftari lake, ambalo kwenye Lightroom linaitwa katalogi. Kesho mama akisema picha ya saba imekuwa na giza, kijana anaing'arisha, na programu inajua kwamba hii ndiyo ile yenye namba fulani kule juu. Inapandisha mpya kwenye namba hiyo hiyo, kama mtandao wenyewe unaruhusu kubadilisha.

Hapo ndipo watu wanapoumia bila kujua. Kompyuta ikifa na daftari likafa nalo, picha za mtandaoni zitabaki, lakini hakuna tena anayejua ipi ni ipi. Utaanza upya, na mteja ataona harusi moja imewekwa mara mbili kama vile bwana harusi kaoa tena! Kwa hiyo anayetunza picha peke yake kwenye flashi, akaacha katalogi, ametunza nusu ya mali.

Picasa nayo ilikuwa na adabu yake. Ilipotumika na ukurasa wa nje wa kupokea picha, haikumwaga mzigo wote mara moja. Ilituma kwanza orodha: jina la picha, maelezo, na kijipicha kidogo cha kutazamia. Ukurasa ule ukajibu kwamba nataka hizi, kwa ukubwa huu. Ndipo Picasa ikapeleka zenyewe. Hodi kwanza, mzigo baadaye. Ustaarabu wa Kiswahili kabisa.

Kwa wazee wa Nachingwea, kuna hili la kuchekesha. Plagini za Lightroom huandikwa kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Lua, iliyozaliwa Brazil mwaka 1993. Lua ni Kireno, maana yake mwezi. Wazee waliokaa jirani na kambi ya FRELIMO, pale wapigania uhuru wa Msumbiji walipokuwa wakijifunza vita miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, pengine walilisikia neno hilo kabla ya mafundi wa kompyuta hawajazaliwa.

Mgongoni kuna nini?

Turudi kwenye bahasha. Ndani ya kila picha ya dijitali kuna sehemu mbili. Kuna sura unayoiona, na kuna maandishi usiyoyaona. Mpango wa maandishi hayo unaitwa Exif, uliotungwa Japani na kutoka mwaka 1995, na karibu kila kamera na simu inaufuata. Kamera inaandika yenyewe saa ya kupiga, aina yake, mwanga ulioingia, na kama kipimo cha GPS kimewashwa, inaandika na mahali.

Juu ya hayo kuna yale anayoandika binadamu kwenye programu: kichwa cha picha, maelezo, majina ya waliomo, jina la mpiga picha. Yote hayo yanaweza kuingia kwenye bahasha ya tarishi.

Hilo la mahali lisikupite. Nachingwea iko kwenye digrii 10 na ushei kusini, digrii 38 na ushei mashariki. Ukisema hivyo tu, hujamtaja mtu. Lakini simu haiishii hapo. Inaweka nukta na tarakimu nyingine nyuma yake. Tarakimu nne baada ya nukta zinakuleta kwenye mita kama 11. Yaani mtu anatoka wilayani, anaingia kijijini, anapita mtaani, anafika kwenye mkeka wa baraza lako. Wala hajauliza njia!

Mwaka 2012 tajiri mmoja wa Marekani, John McAfee, yule wa programu za kuua virusi vya kompyuta, alikuwa mafichoni baada ya kutoroka Belize, ambako polisi walitaka kumhoji kuhusu kifo cha jirani yake. Mwezi wa Desemba jarida la Vice likatoa picha yake kwa mbwembwe nyingi. Picha ilipigwa kwa simu, na mgongoni ilikuwa na vipimo vya GPS. Wajanja wakaisoma, wakajua yuko Guatemala. Siku chache baadaye alikamatwa huko huko. Mfalme wa usalama wa kompyuta, kaumbuliwa na picha moja!

Jiwe la Ruangwa

Utasema mimi sijifichi, nina hatia gani? Haya, tuje Ruangwa.

Tuseme wewe ni mchimbaji mdogo. Umechimba miezi, umekula ugali mkavu, siku moja Mungu kashusha. Umeona jiwe lina rangi. Unalipiga picha hapo hapo shimoni kwa simu. Jioni unampa kijana wa studio airekebishe na kuipandisha mtandaoni, mnunuzi wa Dar aione. Kwenye picha kuna jiwe na kiganja chako tu. Hakuna mti, hakuna mlima, hakuna kibao. Unajiona mjanja.

Kumbe GPS ya simu ilikuwa imewashwa. Kijana hakutazama, programu ikaweka kila kitu kwenye bahasha, tarishi akabeba, mtandao ukapokea. Mnunuzi hahitaji tena kukuuliza jiwe limetoka wapi. Analo shimo lako mkononi, na akitaka kuja na watu wake asubuhi na mapema, anayo njia. Hapo utamlaumu mganga au jirani mwenye husda, wakati aliyekusema ni picha yako mwenyewe.

Kuna jingine ambalo kina mama wa kusini watanielewa haraka. Mwali akitoka unyagoni anapambwa, anacheza, anapigwa picha. Ni furaha ya ukoo. Lakini picha hiyo ikipandishwa na jina la mtoto kwenye maelezo, tarehe, na mahali nyumba ilipo, imeshakuwa barua ya kumwelekeza mtu asiyejulikana hadi mlangoni kwa binti mdogo. Hakuna somo wala kungwi atakayekubali hilo akielezwa. Tatizo hakuna anayemweleza.

Vinavyodondoka njiani

Tarishi huyu ana ugonjwa wa pili, kinyume cha ule wa kwanza. Anaweza kubeba usichotaka, na pia anaweza kudondosha unachotaka.

Chukua familia iliyotoa kwenye sanduku picha za babu za miaka ya 1960. Wanazipeleka studio, zinaingizwa kwenye kompyuta. Bibi anakaa kwenye kiti, anataja mmoja mmoja: huyu ni marehemu kaka yangu, huyu alikuwa mwalimu, huyu mgeni kutoka kambini kwa Wamsumbiji. Kijana anaandika majina yote. Kazi ya mchana mzima. Halafu picha zinapandishwa mtandaoni ili ukoo wote uzione.

Mwaka unapita, bibi anatangulia mbele ya haki. Wajukuu wanafungua mtandao, wanakuta sura kumi na mbili na hakuna jina hata moja.

Nini kimetokea? Huenda kijana aliandika majina kwenye kisanduku ambacho plagini ile haikupangiwa kukisoma. Bosi na tarishi wanaelewana kwa orodha iliyokubaliwa, na kisichokuwa kwenye orodha hakiendi. Au programu iliyatunza majina kwenye faili lake la pembeni, si ndani ya picha. Picasa ilikuwa na tabia hiyo kwa majina ya sura, mpaka uchague mwenyewe yaandikwe ndani ya picha. Ilipofungwa, na watu wakahamia programu nyingine, wasiochagua walibaki na nyuso tupu.

Yaani picha ya jiwe imesema kila kitu, na picha ya babu imekuwa bubu. Tarishi ni yule yule! Tofauti ni maagizo aliyopewa.

Funguo za nyumba

Kuna suala la namba ya siri. Tarishi akifika mtandaoni ni lazima aonyeshe kwamba ametumwa na wewe. Zamani plagini nyingi zilikuomba jina na namba yako ya siri, nazo zikaingia kama wewe. Huko ni kumpa tarishi funguo za nyumba, chumbani na jikoni.

Siku hizi utaratibu wa maana ni kibali. Plagini inakufungulia ukurasa wa mtandao wenyewe, unaingia kwa mkono wako, mtandao unakuuliza: huyu unamruhusu kufanya nini, kusoma tu au na kuandika? Ukikubali, anapewa kibali chake. Namba ya siri haioni. Ukimchoka, unafuta kibali tu, mlango haubadilishwi kitasa.

Na wenye mitandao nao wameanza kukaza. Baada ya kashfa ya Cambridge Analytica mwaka 2018, Facebook waliondoa ruhusa ya programu za nje kuandika kwenye ukurasa wa mtu kwa niaba yake, kuanzia Agosti mwaka huo. Waliozoea kubonyeza mara moja picha zikafika Facebook wakaona plagini imekufa. Google Photos nao, tangu mwisho wa Machi 2025, hawaruhusu programu ya nje kuchungulia maktaba yako nzima kama zamani. Inaona zile ilizozipandisha yenyewe, au zile ulizozichagua na kuikabidhi.

Sasa ukisikia plagini fulani inakwambia "nipe namba yako ya siri ya Facebook nipandishe picha," jiulize mara mbili. Hasa kama imekuja kwa flashi ya mshikaji, imechakachuliwa na haijulikani imetoka wapi. Plagini ni programu yenye mikono yake. Ikiwa ya tapeli, bahasha haimtoshi, atapekua na droo.

Sheria ipo, bwana

Wenye studio msifikiri haya ni hiari. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Sura ya mteja ni taarifa yake. Jina lake na mahali anapoishi ni taarifa zake. Ukizikusanya kwa kazi moja, huna haki ya kuzitumia kwa kazi nyingine bila ridhaa yake. Mama aliyekuja kupiga picha za harusi hakukuruhusu umtangaze kwenye ukurasa wa studio yako, eti kwa sababu katokea vizuri.

Lakini kabla ya sheria kuna ubinadamu. Muulize mteja maswali mawili tu: unataka picha iseme nini, na unataka inyamaze nini? Haichukui dakika moja.

Kazi kwenu

Mpiga picha, kabla ya kubonyeza kitufe cha kupandisha, kuna kidirisha kinatokea. Wengi mnakipita kama mnapita kituo cha polisi. Simameni hapo! Kwenye Lightroom kipo kisanduku cha kuondoa mahali na kingine cha kuondoa majina ya watu. Tia tiki kwa mwali na kwa jiwe. Kwa picha za babu, acha majina yaende, halafu fungua picha moja mtandaoni uhakikishe yamefika. Kama hayakufika, yaandike kwenye kisanduku cha maelezo ya picha, ambacho plagini nyingi hukisoma.

Mwenye simu, ingia kwenye mipangilio ya kamera, zima mahali. Ukituma picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, vipimo vya mahali huondolewa. Lakini ukiituma kama dokumenti ili isipungue ubora, mgongo wake wote unakwenda nao. Wachimbaji, hapo mmenisikia?

Na wewe mama unayesubiri picha zifike Muscat, usione haya kuuliza. Mwambie tu: "Mwanangu, kabla hujazituma, nionyeshe zimeandikwa nini mgongoni." Akishangaa, basi hajawahi kutazama. Akufungulie kompyuta mtazame wote wawili, ndipo zipande.